Dawa ya Mkwe Haimezwi kwa Maji

Mama mkwe wangu alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea dawa. Nalitanguliza hili kwa sababu ukoo wa mke wangu una namna yake ya kulisimulia jambo hili. Wao huanza na kisiki cha pamba, wakamaliza na mapenzi ya Mungu, na katikati hawamweki mtu. Katikati nipo mimi. Nimekaa dirisha la dawa la hospitali moja hapa Bariadi kwa miaka mingi kuliko madaktari wengi ambao vyeti vyao navisoma, na kama kuna mtu mmoja katika ukoo ule aliyejua kidonge hufanya nini kikishapita kooni, ni mimi.

Watu hudhani kumeza ndiyo kazi yote. Mgonjwa anapiga funda la maji, anafuta mdomo, anahesabu kuwa dawa imeingia. Haijaingia popote. Tumboni na utumboni bado ni nje, maana chochote kinachopita humo kinaweza kutoka upande wa pili kama kilivyoingia, bila mwili kuonja hata chembe. Dawa inaingia pale tu inapoyeyuka na kupenya ukuta wa utumbo hadi kwenye damu. Kutoka hapo damu inaipeleka kwanza kwenye ini, na ini huwa linachukua ushuru wake, linavunja kiasi na kuachia kiasi. Kilichobaki ndicho kinachofika kwenye moyo, na moyo unakigawa mwili mzima, mapafu, ngozi, figo, hadi vidoleni. Figo nazo haziko pale kupumzika, zinaichuja na kuitoa kwenye mkojo, ndiyo maana unaambiwa umeze tena jioni. Mfupa hupata mwishoni na hupata kidogo. Kwa mtu mwenye kisukari cha siku nyingi, ambaye mishipa ya miguu imeshaziba ziba, mfupa wa mguu hupata kidogo zaidi ya hicho kidogo.

Haya nimeyasema mara ngapi pale dirishani, sijui. Nimewaambia wakulima wa Mwamapalala waliokuja na vumbi hadi kwenye kope, nimewaambia wauza dagaa kutoka Lamadi, nimewaambia wachungaji ambao walikuwa wananitazama huku wakifikiria ng'ombe waliowaacha. Kuna vidonge ambavyo havipatani kabisa na maziwa. Madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye maziwa yanakikamata kidonge humo humo utumboni, vinagandamana, na donge hilo haliwezi kupenya ukuta. Sehemu kubwa ya dawa inaenda chooni. Nikiwapa watu vidonge hivyo nilikuwa nagonga kioo kwa kalamu na kusema: maziwa hapana, mtindi hapana, hata ukimaliza kumeza usiyakimbilie, subiri masaa yapite. Nilikuwa nawafanya warudie niliyosema kabla sijaachia bahasha. Wengine walikasirika wakaniona najidai.

Mama mkwe aliumia wakati wa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba, kule kwao Nkololo. Kisiki kilitoboa kandambili kikaingia kwenye unyayo, naye hakusikia kitu, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshaila hisia ya miguu yake. Aligundua alipofika nyumbani na kuona nyayo zake za damu uani. Akaosha, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi zake. Walipomleta kwetu mguu ulikuwa umevimba na kutoa usaha. Picha ilionyesha uchafu umeshaingia kwenye mfupa. Daktari alimsafisha vizuri, akatuma usaha upimwe, na majibu yalirudi yakisema kwamba katika dawa za kumeza tulizokuwa nazo ilibaki moja tu ambayo wadudu wa usaha ule walikuwa bado wanaiogopa. Asubuhi na jioni, wiki sita. Na moja hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zisizopatana na maziwa.

Daktari alinishika bega. "Wewe ni mtu wa dawa," akasema. "Utamsimamia mwenyewe. Akizipata hizi sawasawa, mguu tunao. Asipozipata, sina nyingine."

Nikamwambia asiwe na shaka.

Sasa niseme kuhusu kusimamia. Siku hizi wapo wanaume wanaokula meza moja na mama wakwe zao na kupiga nao picha za simu. Ukoo wa mke wangu hauko hivyo. Kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana, na hakuna kati yao anayemwona mwenzake akila. Nikienda Nkololo nilikuwa nakaa kwenye kibanda karibu na zizi, naye anabaki ndani, na salamu zetu zinapita ukutani. Tukikutana njiani mmoja anachepuka na kutazama kwingine. Miaka kumi na minne ya ndoa nilikuwa naijua sauti yake, mgongo wake, na rangi za kanga zake. Sura yake ningeweza kuipita sokoni nisiijue.

Na ukweli ni kwamba nililipenda jambo hilo. Niliwahi kuwasikia wajomba wa mke wangu wakinisifu kwamba huyu mkwe ana elimu lakini hajajisahau. Nilitembea na sifa hiyo miaka yote. Hospitalini nilikuwa mtu wa kisasa, Nkololo nilikuwa mtu wa adabu, na nilijiona nimeweza yote mawili pale ambapo wenzangu wameshindwa. Upumbavu mtupu.

Siku mama mkwe aliporuhusiwa kutoka wodini, nilimpa mke wangu vidonge vya wiki zote sita, maana safari ya kwenda na kurudi ilikuwa ya taabu. Mgonjwa angekaa Nkololo na kuangaliwa na mdogo wake mke wangu, msichana mkubwa ambaye hajaolewa, mwenye akili na mkono mwepesi. Nikamwelekeza mke wangu: kimoja asubuhi, kimoja jioni, asiruke hata siku moja. Nilipofika kwenye maziwa nikasita. Dirishani ningegonga kioo na kutoa mhadhara. Lakini huyu alikuwa mama mkwe, na kumpangia mama mkwe nini aingize kinywani na nini asiingize niliona ni sawa na kumchungulia akila. Basi nikalilainisha.

"Mwambie ameze kwa maji tu," nikasema.

Mke wangu akauliza, "Maji tu?"

"Maji tu yanatosha."

Akaenda akasema hivyo hivyo. Hilo sina sababu ya kulitilia shaka, neno kwa neno.

Kila Jumapili alikuwa anampigia mdogo wake simu, nami nakaa pembeni nasikiliza. Anameza? Anameza. Hajaruka? Hajaruka hata siku moja, jana jioni alikuwa na homa na bado alimeza. Mke wangu alikuwa anageuka kunitazama, macho yamejaa shukrani, nami natikisa kichwa kama bwana mkubwa ambaye mambo yake yanakwenda. Wiki ya tatu nikapanda pikipiki hadi Nkololo. Nilikaa kibandani kwangu. Nikamsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila mayu."

"Mwadila baba," sauti ikajibu kutoka ndani. Ilikuwa imedhoofika kidogo.

Shemeji akaniletea yale makaratasi ya vidonge, matupu, yote yametobolewa kwa mpangilio, akiyashika kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu daftari. Nikahesabu. Hayakukosea hata moja. Nikauliza mguu unaendeleaje, akasema unatoa maji maji. Upepo ulipogeuka nilisikia harufu, na harufu ile mimi naijua, nimefanya kazi karibu na wodi ya vidonda. Mtu mwenye akili timamu angeinuka, aingie ndani, afunue kitambaa atazame. Nilijiambia kwamba mfupa unachukua muda. Shemeji aliuliza niletewe nini, nikasema maji tu yanatosha, akaingia ndani akatoka na bakuli la maziwa kama kawaida. Nikanywa, nikashukuru, nikaondoka.

Wiki ya sita walimleta kwenye bajaji, vidole viwili vimekuwa vyeusi. Homa ilikuwa inamtetemesha. Daktari aliangalia picha mpya kwa muda mrefu, akanifuata dirishani.

"Alizimeza?"

"Zote. Nimehesabu mwenyewe."

"Basi dawa imeshindwa," akasema. "Ndiyo hivyo. Kesho asubuhi tunamkata."

Nilikaa kwenye kiti changu nikiilaani dawa. Nililaani kiwanda, nikawaza labda zilikaa juani kwenye ghala, nikawaza labda ni bandia. Nilitoa boksi nikasoma namba zake kana kwamba zingeungama. Yote hayo nilikuwa tayari kuyalaumu. Ndipo shemeji akafika dirishani na cheti cha dawa za maumivu. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika kidumu cha lita tatu.

"Hicho nini?" nikamuuliza.

"Maziwa ya mama."

"Hospitali wanatoa uji."

"Haya si ya chakula, shemeji. Ya kumezea dawa." Akakiinua kidogo nikione, kwa fahari. "Tangu wiki ya kwanza hajawahi kumezea kitu kingine. Vidonge vyako vinashuka vizuri na maziwa."

Sikumbuki niliinuka lini. Nakumbuka nilikuwa nimesimama.

"Nilisema maji tu. Dada yako hakuwaambia?"

"Alisema," akajibu, akishangaa sauti yangu. "Alisema mkwe kasema maji tu yanatosha. Mama akacheka sana. Akasema mkwe wangu ana adabu, hata dawa anaituma na unyenyekevu. Wewe kila ukija unasema maji tu, umewahi kupewa maji kwetu? Mama akasema dawa ya mkwe haimezwi kwa maji ya lambo kama mchunga mbuzi. Tukamtenga ng'ombe mmoja, yule mwenye maziwa mazito, hatukuuza hata kikombe chake. Yote ya mama."

Nilimtazama msichana yule. Hakuna alichokosea. Hakuna mtu yeyote katika nyumba ile aliyekosea. Walikuwa wamefanya kile ambacho watu wenye heshima hufanya mkwe anaposema maji tu, na nilikuwa nimelisema neno hilo kwenye kibanda chao miaka kumi na minne nikijua vizuri kabisa kwamba halimaanishi maji. Wiki sita, asubuhi na jioni, mama yule amemeza vidonge karibu na themanini, na kila kimoja kimekutana na maziwa mazito ya ng'ombe aliyetengwa kwa heshima yangu, kikanaswa na kutoka kama kilivyoingia. Kidogo kilichopenya kilifika kwenye ule mfupa kikiwa hakiwezi kuua chochote. Kilitosha tu kuwafundisha wale wadudu kuizoea dawa.

Niliacha dirisha wazi, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nikaenda wodi ya wanawake.

Alikuwa kitanda cha tatu, amekaa, mguu umeinuliwa kwenye mto. Kaka mkubwa wa mke wangu alikuwa amesimama kichwani pake. Nilikwenda moja kwa moja hadi ubavuni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake nikamtazama usoni. Alikuwa na macho ya mke wangu. Sikuwa najua hilo.

"Mayu," nikasema, "ni maziwa. Yale maziwa ndiyo yaliyozuia dawa. Dawa haikuingia. Nilipaswa kukuambia mimi mwenyewe, nisamehe, nilipaswa kukuambia."

Sidhani kama alisikia chochote baada ya neno la kwanza. Alivuta kanga akajifunika uso wote, akageukia ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wanawake wa vitanda vya jirani waligeuka kututazama. Kaka yake mke wangu alinishika mkono juu ya kiwiko akaniongoza nje, bila kunisukuma, kama mtu anavyomtoa mlevi kanisani.

"Umerukwa na akili?" akaniuliza pale kwenye korido. "Mbele za watu? Mama hana hata nguvu ya kuinuka akukimbie."

Nilikimbilia kwa daktari. Nikamweleza yote, hata ile harufu niliyoisikia Nkololo wiki ya tatu. Akanisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Ungeniambia wiki ya tatu." Akavaa miwani. Mfupa ulikuwa umeshakufa, na sumu ilikuwa inapanda. Kesho yake asubuhi walimkata.

Nilidhani ukoo utakaa kuzungumzia maziwa. Nilijiandaa kabisa. Nilijiandaa kuwaeleza jinsi dawa inavyosafiri, utumbo, damu, ini, mfupa, na nilijiandaa kutukanwa, maana nilistahili. Kikao kikaitwa Nkololo baada ya mama kurudi nyumbani. Tulikaa kuanzia asubuhi. Walizungumzia saa nzima kwamba mkwe amemkabili mama mkwe uso kwa uso akiwa hajajifunika, kitandani, mbele ya wageni. Mguu haukutajwa. Nilipopata nafasi nikaanza kueleza habari ya maziwa, mjomba mmoja mzee akaninyanyulia kiganja, akasema katika maisha yake yote hajaona maziwa yakimkata mtu mguu, na kwamba nilete hoja nyingine. Wengine wakacheka. Kaka mkubwa akasema kwa huruma kwamba uchungu umenichanganya, na wote walijua jinsi nilivyojitahidi na dawa zangu.

Nikatozwa mbuzi mmoja. Nililipa siku hiyo hiyo, akachinjwa pale pale, tukamla na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukashushia chai, na mjomba akatangaza kwamba yamekwisha. Mimi ndiye niliyepewa kipande cha kwanza, kuonyesha kwamba hawana kinyongo. Nilitafuna nyama ile nikawachukia wote, kwa ukarimu wao, na nikajichukia zaidi kwa sababu niliimaliza.

Mke wangu ndiye pekee aliyeelewa, na ingekuwa afadhali asingeelewa. Yeye hakunipigia kelele. Alikaa siku tatu akiniwekea chakula bila neno, siku ya nne akasema akiwa ananipa mgongo, "Mtu usiyemjua, akija dirishani kwako, unamwambia mpaka anachoka. Mama yangu ulimpelekea maneno mawili." Nikaanza kumweleza habari za mila zao, kwamba nisingeweza, kwamba wao wenyewe. Akaniacha niongee, nikaishiwa.

Miezi ilipita kabla sijarudi Nkololo. Nilirudi kwa sababu ya msiba wa jirani, nikashindwa kupita bila kusalimia. Nikakaa kibandani. Ukutani nilisikia gongo likigonga sakafu, likisogea, likisimama. Tukasalimiana. Kisha mama akamwita shemeji, nikawasikia wakinong'ona Kisukuma kwa muda, shemeji akikataa, mama akisisitiza. Shemeji akatoka. Hakuwa amebeba bakuli. Alisimama mbele yangu akitazama vidole vyake vya miguu.

"Mama anauliza kama yale uliyosema hospitali ni kweli. Ya maziwa."

"Ni kweli," nikasema, kwa sauti ya kutosha kupenya ukuta.

Mama akasema kitu, kwa upole, kirefu kidogo. Shemeji akayaleta kama alivyoambiwa.

"Anasema alikuwa hajui. Anasema kama ulijua, siku ile ya kwanza ungemwita tu umwambie uso kwa uso, angekusikiliza. Faini yake ni mbuzi." Akatazama mlangoni kana kwamba anaomba aruhusiwe kuishia hapo, lakini sauti ya ndani ikamsukuma. "Mama anasema, mbuzi angekutolea yeye."